Binti Mfalme wa Jumamosi

"Umeamua lini kuacha kuimba bila kuniambia?"

Mwongoza bendi alisimama mlangoni mwa chumba cha kuvalia, simu mkononi, jasho likimchuruzika. Ilikuwa mapumziko. Chiriku, waliyempachika jina hilo kwa ajili ya sauti yake, hakumwelewa. Akapewa simu asome mwenyewe.

"Samahani kwa usumbufu. Mchumba wangu anamaliza kazi na nyinyi leo. Tafuteni mwimbaji mwingine."

Ujumbe ulitoka kwa mfamasia, mwanamume aliyemvisha pete, aliyetarajia kumwoa mwezi ujao.

Ukumbini watoto wenye mataji ya karatasi walikuwa wakipiga makofi kudai sehemu ya pili. Kila Jumamosi bendi ilipiga nyimbo za mtindo wa filamu za katuni, zile za mabinti wafalme, na Chiriku ndiye aliyekuwa binti mfalme. Alikuwa ameimba miaka nenda rudi kwenye mikahawa, watu wakila wamempa mgongo. Hapa ndipo alipopata watu wa kumsikiliza.

Mfamasia alikuwa koridoni, amekuja kumchukua. Alipoulizwa, hakukana. Alisema alikusudia kumweleza taratibu. Tatizo ni mama yake, hataki mkwe wa kupanda jukwaani na kushikwa mikono na wanaume, na yeye hawezi kumvunjia mzazi heshima.

Miguu ya Chiriku ikakataa kutulia. Akaenda hadi mwisho wa korido, akarudi, akaenda tena. Alimpenda mtu huyu. Ndiye aliyemchemshia maji ya tangawizi koo lilipomuuma, ndiye aliyemngoja nje kwenye mvua bila kununa. Kwa muda alijiona akikubali, akiimba jikoni peke yake. Lakini mama huyohuyo, siku walipokwenda kupima nguo za harusi, alimwomba amwimbie japo kipande, akasikiliza amefumba macho.

Akatoa simu, akapiga, akaweka spika.

"Ya nini kumsumbua mama saa hizi?" mfamasia akasema, akinyoosha mkono.

Chiriku akarudi nyuma.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Mbona unahema?"

"Naomba unijibu moja tu. Ni wewe uliyetaka niache kuimba?"



"Mimi? Mwenzako aliniambia umechoka mwenyewe. Nikasikitika, lakini nikasema koo ni lako. Kwani yupo hapo? Mpe simu."

Mfamasia hakuipokea. Aliegemea ukuta, akatazama viatu vyake. Chiriku akamuaga mama, akakata.

"Naogopa," mfamasia akasema mwishowe. "Nikikaa kule gizani, ukumbi wote ukikutazama, najiona sina changu. Nikajua mimi utanibishia, mama hutambishia."

"Ungeniambia unaogopa, tungekaa tukazungumza mpaka tuchoke. Wewe umenisemea mimi, ukamsemea na mama yako. Tukiingia ndani ya nyumba utanisemea mangapi?"

Pete iligoma kutoka, kidole kimevimba kwa joto. Akaizungusha, akaivuta mpaka ngozi ikachubuka, akamwekea kiganjani. Mfamasia akauliza kama ndiyo basi. Chiriku akatikisa kichwa kukubali, maana sauti alikuwa akiihitaji kwa kazi nyingine.

Wimbo wa kwanza wa sehemu ya pili ulikuwa wa binti mfalme kuolewa. Alipofika kiitikio maneno yakamtoka kichwani kabisa. Watoto, wanaozijua nyimbo zile kuliko bendi, wakadhani wanapewa zamu yao. Wakaimba wao. Akaudakia wimbo katikati, machozi yakimshuka, na hakuna aliyejua kuwa si sehemu ya onyesho.

Siku zilizofuata hakutulia. Aliandika ujumbe akafuta, akaandika akafuta. Alipopita mtaa wa duka la dawa la mfamasia, alivuka barabara.

Kisha Jumamosi moja, bendi ikijaribu vyombo vya muziki, mama wa mfamasia akaingia chumba cha kuvalia, amekumbatia mkoba. Chiriku akasimama, akadhani amekuja kumwombea mwanawe msamaha.

"Kaa, mwanangu. Alitaka nije kumwombea, nimemkatalia. Maneno yake aje kuyasema mwenyewe, safari hii ya kweli."

"Akija, mama, nitamsikiliza. Kurudi siwezi kuahidi."

"Sikukuomba uahidi. Mkwe nimemkosa. Nyimbo nimeona nisizikose."

Chiriku akamshika mkono, akamtafutia kiti pembeni ya jukwaa, karibu kabisa na spika, akaenda kuimba.