Fanusi ya Hilaire

Wazee wangu mliotangulia kuketi, akina mama mlioacha vyungu motoni, nanyi wenzangu mlioegemea ukuta kwa kukosa nafasi: nawasalimu kila mmoja kwa heshima yake, kisha nawaomba kimya. Na kama nyuma ya mgongo wa yeyote kati yenu kuna taa inayoning'inia, ageuke aitazame kwanza. Akiisha kuitazama, tuanze.

Libérata, binti wa Burungu, aliolewa na Zéphyrin, mchuuzi aliyebeba chumvi kwa miguu hadi Itebero na kurudi na mawese. Zamani Zéphyrin alisafiri na mwenzake aitwaye Hilaire. Safari moja alirudi peke yake, na mizigo yote miwili, akasema mto umemchukua Hilaire. Watu walimpa pole, na vyombo vya safari vya Hilaire vikarudishwa kwao. Mtaji ukakua, mke akapatikana, na sasa nyumba mpya ya mbao ilikuwa imesimama pale Masisi inapopakana na Walikale. Padri alikuwa aje kuibariki kesho yake.

Libérata hakutaka salon yake, chumba cha wageni, ifanane na ya jirani. Katika telefone yake alihifadhi picha za hoteli za mjini Goma: fanusi kuukuu za chuma na za shaba, zimesuguliwa zikang'aa, zimetundikwa ukutani kama mapambo. Hizo ndizo alizozitamani. Basi jua lilipoanza kuegemea vilima, alipanda pikipiki akashuka Kashebere, kwa mama mmoja muuza taa za zamani.

Kibanda kilinuka petroli na kutu. Rafu zilijaa taa za mashamba ya Wazungu, za misheni, za wachimbaji. Libérata alichagua bila haraka, kama mtu anayechagua kitenge cha harusi: aligonga tangi kwa ukucha asikie kama kutu imelila, akainua kioo kwenye mwanga atafute ufa, akakunja na kukunjua kishikio. Mbili akazitenga. Ndipo macho yake yakapanda kwenye rafu ya juu.

Huko zilikaa fanusi chache zisizo na utambi, kila moja imezungushiwa kamba ya mwituni. Mojawapo ilikuwa ya shaba, tangi lake limebonyea upande mmoja. Libérata alilipenda hilo bonyeo; alisema ndilo linaloipa taa umri.

Muuza taa alimtania kwamba vijana wa leo wana mwanga wa panneau ya jua juu ya bati, lakini wanakuja kuokota walivyotupa babu zao. Libérata akacheka, akajibu kwamba hiyo ataisugua mpaka ajione meno, na hiyo kamba chafu ataitupa.

Mama yule hakucheka tena.

"Bwana yako njo nani?"

"Zéphyrin. Ule wa chumvi."

Mama akaishusha fanusi kwa mikono miwili, akaipangusa kwa ncha ya kitenge chake, taratibu, kama mtu anayempangusa mtoto uso.

"Sisi ba huku," akanong'ona, "muntu akipotea mu pori na maiti haionekane, tunafungaka taa yake. Atulie. Ukikata kamba, usiseme sikukuambia."

Malipo ya hiyo moja aliyakataa.

Libérata alifika nyumbani kungali na mwanga. Aliketi salon, kando ya mbabula iliyowaka makaa chini ya sufuria ya maharage, akaikata kamba kwa kisu, akaanza kusugua shaba kwa majivu na ndimu. Ikang'aa. Lakini kwenye kiungo cha kishikio palikuwa na kitu kimenasa. Akakivuta kwa sindano.

Nywele.

Nywele fupi za mtu, zimegandamana na uchafu mweusi.

Alinawa mikono, akanawa tena. Halafu akaitundika fanusi juu ya mlango wa salon, tupu, kwa ajili ya urembo tu.

Giza lilikuwa linaingia Zéphyrin aliporudi. Alivua buti, akatania kwamba maharage ya mke wake yanahitaji cheti cha ubatizo kwa vile yanavyokawia. Kisha akainua macho.

"Ile taa umetoa wapi?"

Kabla Libérata hajafungua kinywa, fanusi iliwaka.

Haikuwa na mafuta. Haikuwa na utambi.

Harufu ya mawese na udongo mbichi ikajaa chumba. Nje, juu ya ua uliofagiwa vizuri, zikasikika hatua zikikanyaga majani yaliyolowa maji... hatua nzito, za mtu aliyebeba mzigo. Zikaja. Zikasimama.

Ngo.

Chuma juu ya mbao.

Zéphyrin alinyakua panga akaipiga ile taa kwa nguvu zake zote. Panga liliruka mkononi mwake, shaba haikupata hata mchubuko. Akageuka, jasho likimtiririka.

"Kamba iko wapi? Funga! Rudisha kamba!"

Libérata alikuwa ameishika. Alitazama bonyeo lile, akakumbuka nywele zile.

"Hilaire alikufia mu mto?"

Jibu lilikuwa ngumi. Kinywa chake kikajaa damu. Zéphyrin alimkamata nywele akamgongesha ukutani, akamkanyaga mkono hadi kifundo kikalia. Mke hakuiachia kamba.

Ngo.

"Ulimupiga na hii taa," alisema kutoka sakafuni.

Zéphyrin akapiga magoti. Sauti yake ikawa ya mtoto.

"Alikuwa amelala. Hakusikia kitu. Funga, mama. Nakuomba, funga."

Libérata aliitupa kamba ndani ya mbabula.

Mlango haukuvunjwa. Ulifunguka polepole, kama unavyomfungukia mwenye nyumba. Mwanga ukazimika. Gizani Libérata alisikia mapigo... butu, yasiyo na haraka, moja likisubiri lingine limalize kulia. Mfupa ukapasuka. Kitu cha moto kikamrukia shavuni. Mtu alivuta pumzi karibu na sikio lake, na mtu huyo hakuwa Zéphyrin, kwa maana Zéphyrin alikuwa hapumui tena.

Mwishowe akasikia mzigo ukitua sakafuni, na mtu akishusha pumzi ya kupumzika.

Majirani walikuja na tochi. Walimkuta Zéphyrin kichwa kimefunguka, na kwenye paji la uso umbo la mviringo wa tangi la taa. Fanusi ilikuwa juu ya msumari wake, safi. Kuzunguka kioo chake palikuwa na kamba mpya, mbichi, utomvu ungali unatoka.

Wapo wanaosema mke ndiye aliyeua ili ajiokoe. Lakini mkono wa Libérata ulikuwa umevunjika, na fundo la kamba ile linahitaji mikono miwili. Padri alikuja kesho yake. Badala ya nyumba, akabariki kaburi.

Libérata aliirudisha fanusi Kashebere, akaeleza yote. Muuza taa hakuipandisha tena juu. Aliilaza kitandani mwake, akaifunika.

Zile nyingine bado ziko kwenye rafu, na kamba zake. Mimi nimeziona. Nilipokuwa nikiaga, mwenye kibanda alizitazama, kisha akaniuliza kwa upole baba yangu njo nani. Mwenye kibanda huyo ndiye aliyenisimulia haya kwa mara ya kwanza: Mama Joséphine-Marie wa Kashebere, aliyemzaa Hilaire.