Mgeni Aliyeomba Ruhusa

Ombi lililotokea kwenye skrini lilikuwa fupi: "Naomba ruhusa kuingia jikoni." Mama Kidoti alibonyeza Ruhusu, kisha ndipo akili ikalifikia neno la mwisho. Lakini ombi lilikuwa limeshatoweka, na jingine limekaa mahali pake likitaka kusoma faili la wagonjwa. Akajiambia macho yamechoka. Huko jikoni bomba likafunguka, likamwaga maji kidogo, likajifunga.

Ndivyo kazi yake ilivyokuwa siku hizi. Zamani walikuwa wahandisi sita katika chumba kimoja, wakiandika programu za hospitali kwa mikono yao, wakigombana kutwa nzima kwa mstari mmoja na kupatana wakati wa chai. Kisha akili mnemba ikaja, ikawa inamaliza kazi ya wiki kabla chai haijapoa, na wenzake wakaagwa mmoja mmoja kwa keki. Akabaki yeye, nyumbani, kwenye meza ya chakula, akisimamia mashine inayoandika yenyewe. Mashine hiyo iliomba ruhusa kabla ya kila hatua: nisome, nifute, nijaribu? Mwanzoni alisoma kila ombi kama mtu anayesaini mkataba wa nyumba. Baada ya miezi michache alikuwa anabonyeza huku akimenya viazi. Na nani angemlaumu?

Ikaja harufu ya nywele zilizoungua, ikaganda kwenye mapazia. Kisha kiti cha marehemu mumewe, ambacho hakuna aliyekikalia, kikawa kinalia mchana kweupe kama kimeelemewa na mtu. Mama Kidoti alijikaza kisabuni. Alikuwa na kazi ya kukabidhi na mtoto wa kulisha, hakuwa na nafasi ya kuogopa.

Kidoti mwenyewe ndiye aliyemvunja nguvu. Alikuja na mdoli wake kwapani.

"Mama, mjomba wa koridoni anataka tucheze."

"Mjomba gani?"

"Yule mrefu. Nimemwambia njoo, akasema hapana, mpaka mama yako aruhusu."

Akageuza shingo taratibu kuelekea skrini. "Naomba ruhusa kumchukua mtoto." Akabonyeza Kataa, akabonyeza tena hata baada ya ombi kuondoka.

Likarudi. Lilijificha katikati ya maombi ya kweli, baada ya kusoma faili na kabla ya kufuta jingine, kwa maneno yaleyale ya upole, naomba, naomba, na yeye akawa anasoma kila herufi huku machozi yakimtoka na kidole kikisubiri juu ya kitufe, kwa maana akikosea mara moja tu basi hana mtoto.

Simu ikaita. Alikuwa bosi.

"Dada, kazi imesimama. Wenzako kwenye matawi mengine wanaruhusu yote kwa mpigo, wewe unasoma kila kitu kama gazeti."

"Kuna ombi baya humo, bosi."

"Baya vipi?"

"Nipe mpaka jioni."

"Jioni, dada. Zaidi ya hapo siwezi kukutetea."

Wifi yake, aliyeishi nao na aliyekuwa akisikiliza mlangoni, hakusubiri kuambiwa. Alitoka na kurudi na mganga, mama mnene mwenye sauti ya chini, ambaye alinusa mapazia na kukitazama kile kiti kwa muda.

"Huyu hakuvunja mlango, mwanangu," alinong'ona. "Aliomba, ukampa."

"Sikujua nampa nini."

"Hilo halimhusu. Sasa shika mkono wa mtoto na mashine usiiguse. Mimi nitajaribu kumnyang'anya ile ruhusa ya jikoni. Jua likizama bila yeye kujibiwa, ataondoka."

Wakakaa. Mganga alisoma maneno yake kwa pumzi ndogo ndogo, na Mama Kidoti, kiganja chake kikiwa kimelowana jasho juu ya kile kidogo cha bintiye, alisikia hatua zikitoka jikoni, zikipita nyuma ya viti vyao zikizunguka na kuzunguka huku skrini ikijaa ombi lilelile kutoka juu hadi chini, hadi mwanga wa dirishani ukageuka mwekundu na hatua zikaanza kusogea kuelekea mlango wa nje, na ile harufu ikapungua, na kwa mara ya kwanza tangu asubuhi akavuta pumzi akaimaliza.

Simu ikawaka juu ya meza kwa ujumbe wa bosi. Wifi aliusoma kwa sauti kabla hajafikiri.

"Dada, nimeona umesimama kabisa, nikajua umezidiwa. Nimeingia kwenye akaunti yako, nikaweka Ruhusu Yote. Haitakuuliza tena. Pumzika."

Mganga aliacha kusoma.

"Endelea, mama," wifi akamsihi. "Tafadhali endelea."

"Nimwambie nini? Ameshapewa."

Skrini ilikuwa tupu, haina ombi hata moja. Hatua zikarudi kutoka mlangoni, sasa bila haraka. Mama Kidoti akamkumbatia mtoto kwa mikono yote miwili, akambana kifuani kwa nguvu zake zote, na akahisi upande wa pili mtu mwingine anavuta, polepole, kwa adabu.

Kidoti alikuwa anatazama juu, karibu na dari.

"Niachie, mama," alisema. "Anasema ameruhusiwa."