Lugha Inayoachwa Getini

– Hiyo lugha yako iache hapo hapo getini, pamoja na viatu!

Iqbal Dalvie alisimama kibarazani na bati la kriketi mkononi, mishipa ya shingo imemtoka. Mbele yake alikuwa Igsaan, fundi wa kunyoosha bodi za magari kutoka mtaa wa Salt River, kabeba sinia la maandazi ya nazi, yale ya Jumapili asubuhi. Alikuja kumposa Nazneen, dada yake Iqbal. Juma lililopita alituma wajomba wawili, wakaachwa juani kama wauza mifagio. Leo kaja mwenyewe.

– Shemeji, nimetoa salamu tu.

– Shemeji wa nani? Rudia nikung'oe meno!

Sisi majirani wa Rylands tulikuwa tumeshatoka nje, maana umbea hauna Jumapili. Sheria ya nyumba ile tuliijua. Marehemu babu yao, aliyetoka pwani ya Konkan huko India, aliamuru kwamba ndani ni Kikokni tu, lugha ya kwao. Kiafrikana, lugha ya Igsaan na ya nusu ya mji wetu, mwisho wake getini. Baba naye alishafariki, hivyo walii wa Nazneen ni Iqbal. Asipokubali yeye, ndoa haipo.

Simu ya Igsaan ikalia mfukoni. Ujumbe wa Nazneen:

"Ondoka. Jana kanichapa mkanda, kanifungia chumbani. Ameapa kukuvunja."

Akajibu kwa kidole kimoja, sinia mkononi:

"Nimekuja kwa miguu yangu. Natoka na jibu."

Mjinga yule! Lakini ukipenda, akili unaiweka rehani.

Na mapenzi yao yalianzia kwenye hizo hizo lugha. Nazneen alipeleka gari gereji, wakaanza kutaniana, kisha wakahamia kwenye simu.

"Kwetu ukisema umekwenda, kitenzi chenyewe kinasema kama wewe ni mwanamume au mwanamke," aliandika Nazneen.

"Kwetu hatuna hiyo shida. Lakini tukikataa, tunakataa mara mbili, katikati ya sentensi na mwishoni."

"Wakaidi nyie! Na achari mnaiitaje?"

"Achari."

"Hata sisi! Basi tutakula meza moja."

Ndivyo walivyonasana. Lakini kibarazani hakukuwa na utani.

– Dada yangu hataolewa na mtu wa lugha ya makaburu! – Iqbal alifoka.

– Makaburu? Watumwa, babu zetu, walikiandika Kiafrikana kwa herufi za Kiarabu madrasani, wakati makaburu wenyewe wanakiona lugha ya jikoni.

– Ni Kiholanzi kilichovunjika!

– Na Kikokni chako je? Huko India si wapo wanaosema ni Kimarathi cha wavuvi? Wote tumeitwa wavunja lugha, Iqbal. Mimi na wewe tumetukanwa tusi moja.

Hapo alikosea. Ukweli una mahali pake, na mahali pake si mbele ya mtu mwenye bati.

Pigo la kwanza lilitua kwenye sinia. Maandazi yakaruka. La pili Igsaan alilikinga kwa mkono wa kulia, na sote tulisikia mfupa ukilia. Akaanguka magotini. Iqbal akamkanyaga kifua.

– Sema hutamtaka tena!

– Namtaka.

Teke la mdomo. Damu ikamwagikia maandazi yaliyotapakaa sakafuni.

– Sema!

– Namtaka, Iqbal. Hata ukiniua.

Kioo cha dirisha kikapasuka. Nazneen alikivunja kwa stuli, akapita humo humo, mikono imechanika, akamrukia kaka yake mgongoni na kumng'ata sikio. Iqbal akapiga ukelele, akamtupa chini, akainua bati. Wanaume wazima tulikuwepo, na hakuna aliyesogea. Nasema kwa aibu.

– Wewe ndiye umeniaibisha! Nianze na wewe!

– Piga basi! Umalize kazi ya jana!

Ndipo Bibi Kulsum akatoka. Mama mzazi wa baba yao, kibibi cha kilo arobaini. Alipita chini ya lile bati, akachuchumaa kwa Igsaan, akamfuta damu kwa mtandio wake. Kisha akazungumza naye Kiafrikana, kile laini cha wazee wa Bo-Kaap, mtaa wa kilimani.

– Pole, mwanangu. Mama yako nani? Sisi tulikaa juu kule, karibu na msikiti. Jina langu la kwetu ni Galiema.

Bati lilimshuka Iqbal taratibu.

– Bibi... umejifunza wapi hiyo?

– Kwenye titi la mama yangu. Babu yako alinioa Bo-Kaap, akanileta huku, akanipa jina jipya. Siku moja nilimwimbia baba yako alale, nikaimba kwa lugha yangu. Akanivunja taya. Mliniona natafuna upande mmoja, mkadhani uzee.

Nazneen akaanza kulia kwa sauti.

– Babu hakuwa hivyo – Iqbal alisema.

– Alikuwa hivyo, na leo nimemwona tena hapa kibarazani. Mimi nilinyamaza, huyu mjukuu wangu hatanyamaza. Chagua, Iqbal. Umwozeshe dada yako kwa mkono wako, usimwachie imamu. Au nafunga mzigo wangu sasa hivi, nikafe kwetu, na jeneza langu hutaligusa.

Iqbal alimtazama bibi, akamtazama dada yake anavyovuja damu. Akakaa chini katikati ya maandazi na vioo, akajifunika uso.

– Nitamwozesha – alisema mwishowe.

Ijumaa iliyofuata msikiti ulijaa, wengi tukiwa tumefuata ubuyu kuliko thawabu. Igsaan alikuwa na nyuzi mdomoni, mkono wa kulia umo kwenye plasta. Na kwetu walii hutamka ndoa akiwa ameushika mkono huo wa kulia wa bwana harusi. Imamu akasema watumie wa kushoto. Igsaan akakataa, akanyoosha plasta yake.

Iqbal akavishika vile vidole vilivyovimba. Machozi yalimchuruzika ndevuni.

– Nakuumiza? – aliuliza kwa Kiafrikana, mbele ya watu wote.

– Sana. Usiachie. Ozesha.