Vumbi Jeupe Kwenye Sensa

Kila Jumamosi asubuhi Chiriku alifagia ua, akasuuza vikombe vya wageni, kisha akapanga spana za mama yake kutoka ndogo hadi kubwa. Mama alikuwa fundi wa magari, na karakana yake ilikuwa huo ua wa nyumbani. Basi nyumba hiyo haikukaukiwa na watu. Mwenye gari alikuja, asiye na gari naye alikuja, mradi chai ipo na maneno yapo. Na Chiriku hakupewa jina hilo bure. Habari ikimwingia sikioni asubuhi, kufika adhuhuri mtaa mzima umeshaionja.

Jumamosi hiyo gari lililolala uani lilikuwa teksi ya mjomba wake. Taa ya injini ilikuwa imewaka na imekataa kuzimika.

"Dada, usijisumbue," mjomba alisema, kikombe mkononi. "Ni petroli chafu ya kituo cha hapo kona. Mtaa mzima unajua."

"Mtaa mzima umeambiwa na nani?"

"Mimi nimeambiwa na fundi cherehani."

Fundi cherehani, aliyekuja kuazima koleo akasahau kuondoka, alikohoa. "Mimi nimeambiwa na Chiriku."

"Na mimi nimeambiwa na mjomba!" Chiriku akadakia.

"Mimi nilisema *labda*!" mjomba akaruka.

Mama alicheka mpaka akaegemea boneti. "Kumbe uvumi umezunguka mtaa ukarudi kwa baba yake, naye hakumtambua mwanawe!"

Watu wakacheka. Chiriku pia alicheka, hadi alipomwona rafiki yake Kifimbo amesimama langoni. Kifimbo hakucheka. Baba yake ndiye aliyewajazia watu mafuta katika kituo cha hapo kona.

"Shikamoo, mama," Kifimbo alisema kwa sauti ndogo. "Baba anauliza kama mmeshajua gari lina nini. Madereva wanampita bila kujaza. Mwenye kituo amesema malalamiko yakizidi, baba atafute kazi kwingine."

Mama akafuta mikono. "Marahaba, mwanangu. Kaa hapo uone kwa macho yako. Hapa tunapima kwanza, ndipo tunasema."

Alichomeka mashine yake ndogo ya kupimia chini ya usukani, akawasha injini. Kwenye kioo cha mashine ikatokea mistari miwili.

"Katika bomba la moshi mna sensa mbili, vidude vya kuhisi," aliwaeleza watoto. "Zote zinanusa moshi kujua una oksijeni kiasi gani. Ya mbele inanusa moshi ukitoka kwenye injini. Halafu moshi unapita kwenye kichujio, na ya nyuma inanusa kama umesafishwa sawasawa."

Mstari wa sensa ya mbele ulipanda na kushuka upesi upesi. Wa nyuma ulikuwa umelala chini kabisa.

"Huo wa nyuma umetulia vizuri," alisema Kifimbo.

"Utulivu wa mzima ni kukaa katikati. Huu umezirai. Tuuamshe." Mama alipuliza gesi kidogo kwenye njia ya hewa ya injini. Mstari wa mbele ukaruka juu. Wa nyuma haukujali, kama mtu anayeitwa kuosha vyombo. Mama akapima na nyaya za sensa hiyo, moja baada ya nyingine. Zote zilikuwa nzima.

Alizima injini, akangoja bomba lipoe, akaingia chini ya gari. Alipotoka alikuwa na sensa ya nyuma kiganjani. Ncha yake ilikuwa imefunikwa vumbi jeupe, laini kama unga.

"Ehe! Uchafu wa petroli huo!" Mjomba aliweka kikombe chini. "Naenda kituoni sasa hivi. Leo atanieleza!"

"Vumbi jeupe namna hii ni la silikoni," mama alisema taratibu. "Imeingiaje humo, ndilo swali."

Chiriku alilijua jibu. Wiki iliyopita mama alipofunga bomba jipya la moshi kwenye teksi hiyo, alimwambia apake gundi ya ekzosi, isiyodhurika kwa joto, kwenye kiungo. Lakini tube ya gundi ilikuwa imekauka, kwa sababu Chiriku mwenyewe aliiacha bila kifuniko. Akaogopa kugombezwa. Akachukua silikoni ya kuzibia dirisha la bafu, akapaka hiyo, akanyamaza. Kwa mara ya kwanza maishani mwake alikuwa na habari asiyotaka kuitoa.

Mjomba alishafika langoni. Kifimbo alikuwa anaangalia miguu yake.

"Mjomba, rudi!" Chiriku alipaza sauti. "Si petroli. Ni mimi." Akaeleza yote, tube, dirisha la bafu na woga wake, mbele ya ua uliojaa watu.

Mama alirudi kwenye gari, akafungua sensa ya mbele, akaiweka kiganjani kando ya mwenzake. Haikuwa na vumbi jeupe hata chembe.

"Tazameni. Moshi wa petroli unaanza kupita kwa huyu wa mbele. Kama kosa lingekuwa la petroli, huyu ndiye angeugua kwanza. Lakini kiungo alichopaka Chiriku kiko baada yake, kabla ya huyu wa nyuma. Joto limeitoa silikoni mvuke, na mvuke umemziba pua." Akamgeukia kaka yake. "Petroli haina hatia."

Mjomba alikuna kichwa. "Basi kituoni nitakwenda hivyo hivyo. Nikajaze tangi, tena niombe radhi kwa sauti."

"Samahani, Kifimbo," Chiriku alisema.

"Umemchongea baba," Kifimbo alijibu. Halafu akaongeza, "Lakini umesema mwenyewe. Haya, twende tukawaambie watu. Mimi nitakusindikiza, ila kusema utasema wewe."

Wakapita nyumba kwa nyumba, kila mlango ambao Chiriku alikuwa ameupelekea uvumi. Fundi cherehani aliwatangulia, akipiga mbiu bila kuombwa.

Jioni sensa mpya ilikuwa imefungwa, kiungo kimepakwa gundi yake halisi, na taa ya injini imezimika. Baba Kifimbo alikuja kunywa chai, akapewa kiti kizuri. Mama alimkabidhi Chiriku tube mpya.

"Kuacha gundi ikauke ni kosa dogo, mwanangu. Ungeniambia, tungenunua nyingine, yakaisha. Kuficha ndiko kulikoua sensa, na kusema tusichokipima kukataka kuua jina la mtu. Sensa inauzwa dukani. Jina haliuzwi."

"Nimesikia, mama," alisema Chiriku. Kabla ya kuketi karibu na Kifimbo, aliigeuza tube mkononi, akakaza kifuniko.