Usukani Mdogo wa Kailemia

Alhamisi, saa kumi jioni.

Chumba kilikuwa nyuma ya bucha, Makutano. Ndoo ya matumbo mlangoni. Nzi. Nje makanga walikuwa wakipigania abiria wa Maua, na kelele zao zilimeza kila neno. Ndiyo sababu Kailemia alikipenda.

Alichora kwa chaki juu ya meza ya kukatia nyama. Duka la simu. Kichochoro. Mlango wa nyuma.

"Kesho Ijumaa. Elmi anafunga duka, anaenda msikitini. Karwirwa anabaki ndani kupanga mzigo. Anafungua nyuma, Murungi anapakia, mimi nalinda kichochoro. Tukimaliza tunamfunga Karwirwa kamba. Analia, anakuwa shahidi. Sisi tunashuka Embu, Rwamba anapokea mzigo. Swali?"

"Gari," Murungi akasema.

Kailemia akafumba macho. "Tena?"

"Tena."

Gari lilikuwa uani chini ya turubai. Jekundu. Milango miwili mirefu, tumbo karibu liguse ardhi. Kailemia alilipangusa kila asubuhi kwa fulana yake mwenyewe. Usukani lililokuja nao aliung'oa, akaweka mwingine wa mashindano, mdogo kama sahani ya chai.

"Mzee, nimelipeleka mpaka Kanyakine nikarudi. Hilo gari haliendeshwi, linashtuka tu. Ukipiga chafya umeingia shamba la mtu. Tairi ni pana, zinafuata ile mifereji malori yamechimba kwa lami. Na huo usukani wako ndio unamaliza kabisa. Unageuza kidole, gari linageuza mwili mzima. Nirudishie ule wa zamani. Ni kazi ya spana moja."

"Ule wa zamani ni wa mama wa kwaya."

"Basi nipe Probox. Nani huangalia Probox?"

"Miaka yote nimetoroka na pikapu za watu, nikinuka kabeji. Safari hii naondoka kama mtu." Kailemia aliweka chaki chini. "Shida si gari. Shida ni mikono yako."

Murungi aliitazama mikono yake.

Karwirwa akaingia, mtoto mgongoni, akatazama mchoro na kutikisa kichwa. "Huo mlango unafunguka nje, si ndani. Hebu nishikie Kendi."

Murungi alimpokea mtoto kwa mikono miwili, akambana kifuani. Kendi akalia papo hapo.

"Usimkabe, bwana! Si gunia la viazi. Mlegezee mkono. Yeye mwenyewe atajishika."

Akalegeza. Kendi akanyamaza, akashika kidole chake kimoja kwa nguvu za ajabu.

"Kesho unamwacha na nani?" Murungi akauliza.

"Kuna jirani." Karwirwa alikuwa akifuta chaki kwa kiganja. "Baada ya kesho sitaki kujuana na nyinyi tena. Nataka kibanda changu cha kusuka nywele Embu, mimi na mtoto wangu. Basi."

Ijumaa, saa saba mchana.

Jirani aliitwa matangani Nkubu alfajiri. Kendi alikuwa amelala chini ya kaunta, ndani ya katoni tupu ya simu.

"Umemleta kazini?" Murungi alinong'ona. "Kazi hii?"

"Ningemwacha wapi? Pakia!"

Walizitoa simu kwenye maboksi yake, wakazimimina kwenye magunia. Buti la gari lilijaa baada ya magunia mawili. Yaliyobaki Murungi aliyasukuma nyuma ya viti, pale ambapo hata mbuzi angelalamika. Kila gunia likiingia, gari lilikalia matako na pua ikainuka. Aliiangalia ile pua na moyo ukamshuka. Tairi za mbele zikikosa uzito, usukani ungekuwa mwepesi zaidi.

Walikuwa wamebakiza gunia moja. Mlango wa mbele wa duka ukafunguliwa kwa ufunguo.

Ambaro, mke wa Elmi, alisimama pale na hotpoti mkononi. Kila Ijumaa alimletea Karwirwa wali. Hilo Karwirwa hakuwa amelisema kwenye mpango. Siku zote Ambaro aliuleta baada ya swala, si kabla.

"Karwirwa? Huyu ni nani?"

Hotpoti ikaanguka. Ambaro akapiga yowe lililosikika mpaka stendi.

Karwirwa alinyakua mtoto, akakimbilia kichochoroni.

"Wewe unabaki!" Kailemia alimkemea.

"Ameniona, mzee! Amenitaja kwa jina!"

Aliingia nyuma ya viti, juu ya magunia, goti mdomoni, Kendi tumboni. Kailemia akaketi mbele, kushoto. "Kanyaga!"

Murungi akakanyaga. Gari likaruka kulia kabla hajaliambia. Akarudisha. Likaruka kushoto. Bodaboda mmoja alitupa pikipiki yake mtaroni na kumtukana kwa Kimeru safi, pamoja na ukoo wake.

Saa saba na nusu.

Nkubu ikapita. Kanyakine ikapita. Watoto wa shule walisimama kando ya barabara na kupunga mikono. Gari jekundu! Gari jekundu!

"Unaona?" Murungi alisema akiuma meno. "Mpaka nasari wanatujua."

"Endesha."

"Nilikwambia. Nilikwambia Jumatatu, nikakwambia Jumanne..."

Lori lilikuja mbele. Akaukaza usukani. Gari likanasa kwenye mfereji wa lami, likatetemeka, likachomoka ghafla na kumrukia mwenye lori machoni. Honi. Vumbi. Magunia yakateleza. Nyuma, Kendi aliangua kilio.

"Lishike gari!" Kailemia akafoka.

"Nikilishika ndiyo linaruka!"

Jasho lilimwingia machoni. Mikono ilimuuma mpaka mabegani, na kadiri alivyokaza ndivyo gari lilivyopaparika. Kendi alilia. Karwirwa alikuwa akimwimbia kitu, sauti ikikatikakatika.

Murungi akafungua vidole. Vyote. Akaacha viwili kila upande, viguse tu. Moyo ukamwambia anakufa. Gari likayumba mara moja, likayumba tena kidogo, kisha likanyooka. Lilitaka kujiendea lenyewe. Alichohitajika kufanya ni kutolizuia.

Kendi akanyamaza.

"Ndiyo hivyo," Karwirwa akasema nyuma, hata bila kujua alikuwa akimwambia nani.

Saa nane na dakika tano.

Barabara ilianza kuteremka kuelekea daraja la Nithi. Kona juu ya kona. Kushoto korongo, chini maji. Kailemia aliongea polepole.

"Kabla ya daraja kuna njia inaingia kwa majani chai. Utasimama hapo. Mama Kendi anashuka."

"Na mtoto?"

"Na mtoto."

"Halafu?"

"Halafu wewe unabaki kwa gari, unaangalia mbele."

Karwirwa alielewa kabla ya Murungi. "Mzee. Mimi sitasema kitu. Naapa."

"Najua hutasema," Kailemia akasema. Alitoa bastola kwenye koti na kuilaza juu ya paja.

Murungi aliiona njia ya majani chai. Mita mia. Hamsini. Vidole vinne juu ya usukani. Angeweza kuurusha mlango wa Kailemia kwenye ukingo wa barabara, kidole kimoja tu kingetosha. Lakini nyuma kulikuwa na mtoto asiye na mkanda, juu ya gunia la vyuma na vioo.

Njia ikapita.

Mdomo wa bastola ukagusa mbavu zake. "Umepita."

"Nimepita."

"Simama."

"Hapana, mzee."

"Nitakumaliza hapa hapa."

"Nimalize." Sauti ya Murungi ilitoka kavu. "Angalia kona hiyo. Angalia korongo. Angalia hivi vidole. Gari lako hili, nikishtuka kidogo tu, limekwisha. Nilikuomba usukani wa mama wa kwaya, ukanikatalia. Sasa piga. Tutashuka pamoja, na utafika chini ukiwa mtu."

Kailemia alitazama usukani wake mdogo. Alinyoosha mkono kuushika, akaugusa kwa ncha tu. Pua ya gari ikaruka hadi mstari wa katikati. Akauondoa mkono kama aliyegusa sufuria ya moto.

"Usiguse," Murungi akasema. "Mtoto amelala."

Walivuka daraja. Wakapanda upande wa pili.

"Utapata fungu lake," Kailemia akasema. Kisha: "Utapata langu." Kisha akaanza kumtukana, taratibu, kwa orodha ndefu, kama mtu anayesoma majina ya wafu kwenye redio.

Murungi hakuongeza mwendo. Hakupunguza.

Saa nane na nusu.

Kizuizi kilikuwa nje kidogo ya Chuka. Misumari barabarani. Makarao wanne wenye bunduki. Foleni ya magari, na mwisho wa foleni lori la mchanga, upande wa kushoto. Habari zilikuwa zimewatangulia: Ambaro alikuwa na koo, na kila mtu alikuwa na simu.

"Geuza," Kailemia akasema. "Geuza! Kuna njia ya vumbi hapo nyuma!"

Murungi alitoa mguu kwenye mafuta. Gari likapoa. Alilisogeza ubavuni mwa lori, kidole kwa kidole, mpaka kioo cha pembeni kikabusu tairi la lori na kujikunja. Nafasi kati ya mlango na lori ilikuwa upana wa kiganja. Usukani mwingine wowote usingemfikisha hapo.

Akazima.

Kailemia alivuta kitasa cha mlango. Mlango ule mrefu, mzuri, aliokuwa akiupangusa kila asubuhi, ulifunguka kiasi cha kupitisha mkono, ukagonga lori. Akausukuma tena. Tena. Mbele, bunduki nne zilikuwa zikitazama kioo. Aliiangusha bastola kati ya miguu yake, akaweka mikono juu ya dashibodi.

"Mikono yako ilikuwa mizuri," alisema, bila kumtazama Murungi. "Mjinga wewe."

Walitolewa wote kwa mlango wa Murungi, wa dereva. Wakalazwa kifudifudi, pingu nyuma. Karwirwa alitoka mwisho, kwa magoti, na hakukubali kumwachia Kendi mpaka afande mmoja kijana alipoitundika bunduki begani na kunyoosha mikono.

"Nitarudishiwa?" akauliza.

"Utarudishiwa ukifika kituoni, mama. Lete mikono."

Alimtoa. Afande alimpokea mtoto kwa mikono miwili, akambana kwenye vifungo vya sare. Kendi akafungua macho, akaona kofia, akaangua kilio.

Murungi aliinua shavu kutoka kwenye lami.

"Afande," akasema. "Usimkabe. Mlegezee mkono kidogo. Atajishika mwenyewe."