Hadiya Si Rebeka

Katika shamba moja la pareto huko Bahati, Kuluthum na binti yake Hadiya ndio waliokuwa Waislamu pekee. Miraji, baba wa mtoto, alikuwa amefariki. Mama na binti walichuma maua chini ya nyapara Kiprugut.

Kiprugut alifiwa na mke. Akamchukua Hadiya, eti akampikie tu. Hadiya hakurudi. Mama alipomfuata, alizuiwa mlangoni.

"Ameshabatizwa, anaitwa Rebeka," Kiprugut alisema. "Nitamuoa. Ukipiga kelele, utahama hapa."

Lo! Mtoto wa miaka kumi na tatu, na mzee mzima na ndevu zake!

Kuluthum alilia, akanyamaza. Alidhani mambo ya kanisani hayamhusu, kwa kuwa hasali huko. Hapo alikosea sana.

Jumapili, jirani yake Chepkosgei alitoka kanisani mbio.

"Mama Hadiya! Ndoa ya Kiprugut imetangazwa tena. Bibi arusi ni Rebeka, mtu mzima, yatima. Leo nimemwona. Ni Hadiya wako!"

"Yatima? Kwani mimi nimekufa lini?"

"Ndiyo maana wamembadilisha jina. Sikiliza. Kwetu ndoa hutangazwa mara tatu, ili mwenye pingamizi aseme. Yeyote, hata Mwislamu. Jumapili ijayo ndiyo ya mwisho."

"Mimi niingie kanisani?"

"Kusema si kusali, mama. Mtoto haolewi. Wala habatizwi kwa nguvu. Dini ya kulazimishwa si dini, iwe yangu, iwe yako."

Jumapili ile Kuluthum alijitanda leso, akaingia na Chepkosgei. Padri alipouliza kama kuna pingamizi, Kuluthum alisimama.

"Mimi napinga! Huyu ni Hadiya. Mimi ndiye mama yake, na yeye ni mtoto!"

"Ana wazimu huyu!" Kiprugut alifoka.

Padri alimgeukia msichana. "Wewe mwenyewe unataka?"

"Nilipigwa," Hadiya alisema. "Nataka kwa mama."

"Basi hakuna ndoa," padri akasema. "Mama, mchukue mtoto wako."

Kesho yake walifukuzwa shambani. Wakahamia Nakuru mjini, kwa jamaa za Miraji. Hadiya hakuwa yule wa zamani. Mtu akibisha hodi, alijificha nyuma ya kitanda.

Siku moja jirani mpya alimwuliza jina. Mama alitaka kumjibia, lakini binti akamwahi.

"Naitwa Hadiya," alisema. "Hadiya binti Miraji."