Mshale Uliomsemea Loris

Shangazi yangu Nerina Morselli ni fundi wa geji za magari. Karakana yake iko nyuma ya nyumba, kwenye barabara ya kutoka Vignola kwenda milimani, na kazi yenyewe aliirithi kwa babu yangu Ilario. Haya ninayosimulia yalimpata yeye, ila sehemu ya mwisho niliishuhudia mwenyewe. Sina faida ya kudanganya, maana aibu iliyomo ni ya ukoo wetu.

Ilikuwa Jumanne ya Septemba. Nusu ya kijiji walikuwa mashambani wakichuma zabibu, na Nerina alikuwa anamalizia kahawa yake ya pili. Corrado Vezzali, mteja wake wa kutoka mjini, akaingia amekumbatia boksi la viatu kama mtu aliyebeba mayai.

"Fundi, nimekuletea mgonjwa."

"Wagonjwa wako huwa wanapona, Corrado. Wewe ndiye usiyejua kusema asante. Weka hapo."

Ndani ya boksi kulikuwa na geji ya mizunguko, ile inayomwonyesha dereva injini inazunguka mara ngapi kwa dakika. Ilitoka kwenye gari la mbio la mwaka 1968, la viti viwili, lisilo na paa. Kiwanda kidogo kilicholiunda kilifungwa zamani. Gari lilikuwa limelala chini ya turubai miaka zaidi ya hamsini, mpaka warithi wa mwenye kiwanda wakamuuzia Corrado, naye akalitengeneza upya, bodi na injini. Jumapili alitaka kulipandisha mlima wa Serravana, kwenye mbio za magari ya kale.

"Mwisho wa injini hii ni elfu saba na mia nane," alisema. "Ikikaa juu ya hapo, vyuma vinakatana. Nataka kujua hii geji inasema kweli au inaniongopea."

Akamwachia na faili la makaratasi ya gari, akaondoka.

Geji ilikuwa na mishale miwili. Mweupe ulipanda na kushuka pamoja na injini. Mwekundu ulisukumwa na mweupe mpaka kilele, kisha ukabaki hapohapo hata gari likizimwa, hadi mtu abonyeze kitufe cha nyuma kuurudisha sifuri. Madereva wa zamani waliuita mbea. Dereva akishuka tu, bosi alikwenda kuutazama, ajue kama kijana wake ameitesa injini.

Nerina alipoitoa geji kwenye boksi, mbea ulikuwa kwenye elfu saba na mia nane. Akabonyeza kitufe, ukarudi sifuri. Akaenda kula.

Aliporudi, mbea ulikuwa kwenye elfu saba na mia nane.

Akadhani ameigonga meza. Akaurudisha, akafunga mlango, akaketi kuutazama. Haukutikisika. Akageuka kuchukua bisibisi. Alipogeuka tena, ulikuwa umeshapanda.

Alinisimulia kwamba hakuogopa wakati ule. Aliudhika tu, kama fundi yeyote anavyoudhika na kitu asichokielewa. Akaifunga geji kwenye mashine ya kupimia, inayozungusha waya wake kwa kasi inayojulikana, akaanza kuipandisha taratibu. Elfu mbili, sawa. Elfu nne, sawa. Baada ya elfu tano mshale mweupe ukaanza kubaki nyuma. Mashine ilipofika elfu nane na mia sita, geji ilikuwa inaonyesha elfu saba na mia nane.

Maana yake ilikuwa rahisi na mbaya. Dereva aliyeitii geji hii angekuwa anaiua injini huku anaamini yuko salama.

Hapo ndipo aliposikia pumzi nyuma ya sikio lake. Kisha sauti ya kijana, chini kabisa.

"Ngapi?"

Karakana ilikuwa tupu. Nje jua lilikuwa linawaka, na mtu alikuwa anapita na trekta.

Nerina akaichomoa geji na kuigeuza. Kwenye mfuniko wa nyuma palikuwa na muhuri wa lakiri, mzima, ambao haujavunjwa tangu ulipopigwa. Aliufahamu muhuri ule tangu utoto. Ulikuwa wa baba yake. Chini yake, kwa ncha ya sindano, babu alikuwa amekwaruza tarehe: 15 Juni 1968.

Kila mtu kwetu anaijua siku inayofuata hiyo. Ndiyo siku aliyokufa Loris Bertacchi, kijana wa miaka ishirini na sita, kwenye kona ya tatu kutoka kilele cha Serravana. Injini ilikwama, magurudumu ya nyuma yakagoma, gari likatoka barabarani na kuangukia miti. Tulipokuwa watoto, ukikimbiza baiskeli mteremkoni mama yako alikwambia utakufa kama Loris. Maana ilisemwa kwamba alijiua kwa tamaa. Alivuka mwisho aliowekewa, na mbea ukamsemea.

Nerina akalifungua faili. Karatasi aliyoitafuta ilikuwa ya nne. Mwandiko wa baba yake, sahihi ya baba yake. Nimeikagua geji baada ya ajali. Inasoma sawasawa. Mshale mwekundu umekutwa kwenye elfu tisa na mia moja. Kosa ni la dereva.

Akaisoma mara tatu. Geji hii kuonyesha elfu tisa na mia moja ingetaka injini izunguke mara elfu kumi. Injini ile ingepasuka kabla ya kufika huko. Ile namba haikuwahi kuwepo. Babu aliitunga. Alipima geji vibaya Jumamosi, Jumapili kijana akafa, na Jumatatu mwenye kiwanda akamletea geji ileile ili yeye ndiye aseme nani mwenye kosa.

Sasa sikiliza alichofanya shangazi yangu, maana hajawahi kukificha. Aliitoa karatasi kwenye faili akaitia kwenye droo ya meza. Akavunja lakiri, akabadilisha springi, nyembamba kama unywele, ambayo babu aliifunga ikiwa ngumu kupita kiasi, akaipima geji mpaka ikasoma sawa kutoka chini hadi juu. Corrado alipopiga simu akamwambia, "Ilikuwa imelegea kidogo tu."

Usiku huo alilala vizuri. Asubuhi akakuta mbea kwenye elfu saba na mia nane, na geji zote nyingine za karakana, kumi na saba, za magari tofauti, za mafuta, za joto, za mwendo, mishale yake imeelekea mlangoni.

Alhamisi mchana Corrado alikuja na gari kwenye trela. Wakaifunga geji mahali pake. Corrado akataka walijaribu mlimani kabla ya Jumapili.

"Twende wote, fundi. Ukae hapo kushoto uisikilize."

"Nenda peke yako."

"Unaogopa kazi yako mwenyewe?"

Akapanda.

Barabara ya Serravana ilikuwa tupu na kavu. Corrado aliendesha kwa adabu. Elfu tano. Elfu sita. Injini ilikuwa inaimba vizuri, na Nerina alikuwa na kipimo chake cha mkononi kinachohesabu kwa umeme. Namba zilikubaliana. Akaanza kupumua.

"Ngapi?"

"Elfu sita na nusu," Corrado akajibu huku macho yako barabarani. "Si unaona mwenyewe?"

"Sijakuuliza mimi."

Corrado akacheka. Alidhani ni utani.

Wakapita kona ya sita kutoka juu. Ya tano. Corrado akakanyaga mafuta, mshale mweupe ukapanda mpaka elfu saba na mia nane, naye akanyanyua mguu.

Injini haikushuka.

Akanyanyua mguu kabisa. Akakanyaga klachi. Gari likazidi kwenda. Akazungusha ufunguo, akazima. Taa za dashibodi zikazimika. Injini ikaendelea.

Kipimo cha mkononi kilikuwa kimezimika nacho. Mshale mweupe ulikuwa kwenye elfu saba na mia nane, umesimama kama uliochorwa. Lakini sauti ya injini haikuwa ya elfu saba na mia nane. Ilikuwa juu zaidi. Ilikuwa inalia.

Kona ya nne ikapita. Corrado alikuwa anakanyaga breki kwa miguu miwili, mikono imeng'ang'ania usukani.

"Ngapi?"

Safari hii sauti ilitoka katikati yao. Nerina alisikia baridi kwenye bega lake la kulia, baridi ya mtu aliyeinama mbele ili aione geji.

"Niambie. Ngapi?"

Kona ya tatu ilikuwa inakuja. Aliuona ukingo wa chuma, na nyuma yake vilele vya miti.

"Elfu nane na mia sita," Nerina akasema. Hakupiga kelele. "Ulikuwa unasoma saba na mia nane, lakini ilikuwa nane na mia sita. Hukuvuka. Baba yangu ndiye aliyekosea, Loris. Kisha akadanganya."

Injini ikanyamaza.

Gari likasimama hatua mbili kutoka kwenye ukingo. Hapakuwa na sauti yoyote, hata ya ndege. Corrado alikuwa ameulalia usukani. Akauliza kwa kunong'ona, "Loris gani?"

Nerina akamweleza yote palepale, wakiwa wamekaa kando ya barabara.

Jioni hiyohiyo Nerina alikwenda kwa Albertina, dada yake Loris, ambaye alikuwa na miaka themanini na minne na anaishi peke yake nyuma ya kanisa. Albertina alikuwa anakata unga wa tambi mezani. Hakumkaribisha kiti.

"Binti wa Ilario. Nani amekufa?"

"Hakuna aliyekufa, bibi. Nimekuletea karatasi."

Alimsomea. Alimweleza springi, muhuri, na ile namba ya uongo. Albertina aliendelea kukata unga, tambi zikawa nyembamba kupita kiasi, zikawa uzi. Kisha akaweka kisu chini.

"Mama alikufa akiamini mwanawe alikuwa mpumbavu. Alikuwa akiomba msamaha kanisani kwa ajili yake. Kila Jumapili, mbele ya watu."

"Najua hakuna ninachoweza kusema."

"Subiri, sijamaliza. Kila Juni huwa anakuja hapa. Anasimama pale penye sinki, nyuma yangu, ananiuliza ngapi. Nilidhani ni uzee. Halafu nikakumbuka kwamba alianza nikiwa na miaka thelathini." Akamtazama Nerina kwa mara ya kwanza. "Sikuwa na jibu la kumpa, mwanangu. Mimi sijui magari."

Nerina akalia. Albertina hakumbembeleza, ila alimwacha alie mpaka amalize.

"Utayasema haya mbele ya watu?"

"Nitayasema."

"Jumapili. Kwenye kipaza sauti. Kama mama alivyofanya."

"Na gari? Corrado anataka kulirudisha kwa waliomuuzia."

Albertina akafikiri. "Lipande. Loris hakufika juu."

Jumapili nilikuwepo. Nilikuwa msaidizi kwenye mzani, maana kila gari hupimwa uzito kabla ya kuanza na tena kileleni, kuhakikisha hakuna aliyepunguza vyuma kwa hila. Asubuhi nililipima gari la Corrado bila mtu ndani: kilo 743.

Kabla ya mbio shangazi alipanda jukwaani akasoma karatasi mbili, ya babu na ya kwake. Watu hawakupiga makofi. Wazee wachache walivua kofia. Baba yangu aliondoka katikati ya maneno, na mpaka leo hawasemezani na dada yake.

Corrado akapanda. Nilimsubiri juu, Albertina akiwa kwenye kiti cha plastiki karibu nami, mkoba mapajani. Tuliisikia injini kona kwa kona, safi, haikazwi wala haibembelezwi. Ilipita kona ya tatu. Ilipita ya pili. Ikafika.

Corrado akaliingiza gari kwenye mzani, akalizima, akashuka, akasogea pembeni kuvua kofia yake ya chuma. Gari lilikuwa tupu. Lilikuwa limeunguza mafuta, kwa hiyo lilipaswa kuwa jepesi kidogo kuliko asubuhi.

Mzani ukasoma kilo 811.

Mkaguzi, mtu wa kutoka Bologna asiyejua lolote, akaniangalia. "Kuna mtu ameegemea?"

Hapakuwa na mtu. Tulirudi nyuma sote. Akabonyeza tena, na mashine ikachapisha mstari wa pili. 774.

Corrado alikuwa ameacha kuvua kofia. Tuliona gari likiinuka upande wa kushoto, polepole, kama linavyoinuka mtu anapotoa mguu mmoja, akatulia kidogo, akatoa na wa pili.

Mstari wa tatu: 742.

Albertina alikuwa amesimama kutoka kwenye kiti chake. Hakuwa anatutazama sisi.

Kile kikaratasi cha mzani ninacho. Mkaguzi alikataa kukitia sahihi. Kina saa pembeni ya kila mstari, na kati ya ule wa kwanza na wa mwisho ni sekunde tisa.